Siku Nilipoitikia Marahaba

Ilongero, alasiri

Mwanangu Rehema,

Umekwenda kusukwa kwa mama Tatu, na kwa jinsi nywele zako zilivyo nyingi sitarajii kukuona kabla ya magharibi. Nimekaa kwenye meza uliyokuwa unasomea, na karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la zamani la hesabu. Mambo ya chandarua, ya sweta na ya kupiga simu ukifika nimekuimbia wiki nzima mpaka umeninunia. Hayo tuyaache. Nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo, ndiyo maana nakuandikia mtu ninayelala naye nyumba moja.

Jumapili ulinikalisha barazani, kompyuta yako mapajani, ukanisomea mpango wa mafunzo utakayoanza nayo kazi huko Mpanda. Wahudumu wa afya wa vijijini arobaini, siku tatu, ukumbi wa kata. Siku ya kwanza ufunguzi na homa, siku ya pili mtoto anayepumua kwa shida, siku ya tatu kuhara, dalili za hatari, na kufunga. Kila somo lina picha zake za kuonyesha ukutani, na chini ya kila somo umeandika "washiriki wataelewa" hiki na kile. Ulisoma vizuri, kwa sauti iliyotulia, nami nikawa nakutazama tu na kujiuliza huyu mtoto amekua lini. Ulipomaliza ukaniuliza, "Mama, unaionaje?"

Nikakujibu, "Nzuri sana, mwanangu." Kisha nikainuka kwenda kutazama maharage jikoni, na maharage yalikuwa hayana shida yoyote.

Nilikudanganya, Rehema. Mpango huo naujua. Niliwahi kuuandika mimi, karibu neno kwa neno, miaka ile nikiwa afisa mifugo wa kata na wewe uko darasa la tatu. Jumatatu nikajikaza nikakuuliza kama ratiba inaweza kubadilishwa kidogo. Ukasema, "Mama, imeshapitishwa ofisini, imeshachapwa," ukaendelea kupiga pasi. Ningesema nini? Wewe una shahada ya uuguzi, mimi nina cheti cha mifugo na magoti mabovu.

Lakini ngoja nikuambie mpango wangu ulifanya nini. Utajua pia kwa nini mama yako mkubwa Asha hakanyagi hapa kwetu. Uliwahi kuniuliza nikakujibu kwamba anakaa mbali. Mgori anakoishi si mbali. Kuna watu wanaenda na kurudi siku hiyo hiyo na magunia ya alizeti juu ya pikipiki.

Miaka hiyo kideri kilikuwa kinafagia kuku kila kiangazi. Ulikuwa mdogo lakini nadhani unakumbuka, kuku anazubaa, anaharisha kijani, shingo inapinda, kesho yake anatupwa. Ikaletwa chanjo ya matone, chupa ndogo kama ya dawa ya macho, tone moja jicho moja. Nikaambiwa niandae mafunzo ya wachanjaji, mtu mmoja mmoja kutoka kila kijiji, wakirudi wachanje kuku wa majirani zao. Kwa Mgori, kile kijiji cha kando ya msitu, nikampendekeza dada yangu. Hakuna aliyefuga kuku kama Asha. Alikuwa anawajua mmoja mmoja kwa tabia zao, anaweza kukwambia yule ana kiburi, yule mwizi wa mayai. Akakubali kwa sababu ni mimi niliyemwomba.

Nilikaa wiki mbili kuandaa. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nikaandika masomo kumi na moja kwa siku mbili, kwa sababu niliona aibu kuacha kitu chochote ninachokijua. Historia ya ugonjwa, virusi ni nini, aina za chanjo, uwekaji wa kumbukumbu. Somo la kuhifadhi chanjo nikaliweka la mwisho kabisa, baada ya chakula cha siku ya pili, kwa hesabu kwamba ni jepesi.

Asubuhi ya siku ya kwanza nikaingia ukumbini na viatu vyangu vya kisigino. Watu wazima thelathini, wengine wazee, wakasimama kama watoto wa shule, wakasema kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu!" Dada yangu Asha alikuwa mstari wa mbele karibu na dirisha, amejifunga kitenge kipya. Naye akasimama. Naye akasema shikamoo.

Nikaitikia, "Marahaba, kaeni."

Wewe umelelewa hapa, unajua nilichokifanya. Asha ndiye aliyenibeba mgongoni. Mpaka siku ile sikuwahi kumwona bila kuwa wa kwanza kumwamkia. Ningeweza kusema, "Jamani, hapana, shikamooni ninyi," wangecheka, tukaanza upya kama watu. Lakini palikuwa na mwenyekiti, palikuwa na mtendaji, na mimi nilijisikia vizuri. Ndivyo ilivyokuwa, nilijisikia vizuri. Nilidhani ni heshima tu, na kumbe pale pale ndipo nilipojifungia mlango, maana mtu uliyemwitikia marahaba mbele ya watu hawezi tena kukwambia hajakuelewa.

Mgeni rasmi alichelewa mpaka saa tano. Alipokuja akahutubia kuhusu uzalendo. Zoezi nililopanga la kila mtu kushika kuku na kudondosha tone likawa halina muda, nikadondosha mimi, jogoo mmoja, wao wakasimama kuzunguka meza na kutazama, walio nyuma wakitazama migongo ya walio mbele. "Mmeona?" Tumeona. "Mmeelewa?" Tumeelewa! Sauti moja, kama kanisani. Siku ya pili baada ya wali na nyama nikafika kwenye kuhifadhi. Watu wanasinzia, na watu wa mbali wameanza kuulizia usafiri. Nikasema sentensi moja. Naikumbuka mpaka leo: "Chanjo ihifadhiwe mahali pa baridi, mbali na jua." Mmeelewa? Tumeelewa. Tukagawa vyeti, tukapiga picha.

Pale ukumbini mimi nilikuwa na boksi la barafu. Kijijini kwa Asha hapakuwa na barafu wala umeme. Njia ya kule ilikuwepo, naijua, kitambaa chenye maji unazungushia chupa, unaweka kivulini kando ya mtungi ndani ya nyumba. Ilikuwa imeandikwa kwenye kitabu changu. Niliiruka kwa sababu muda umekwisha, na kwa sababu nilidhani kila mtu anajua baridi ni nini.

Asha akarudi kwao akachanja kijiji kizima. Alizunguka siku nne na chupa zake, nyumba kwa nyumba, anawashika kuku wa watu kwa upole wake ule. Watu wakafurahi. Kiangazi kilipokolea kideri kikaja kama kawaida yake, na kuku wa kijiji kile wakafa wote. Waliochanjwa na wasiochanjwa. Ndani ya wiki moja ukipita kule husikii jogoo.

Nikaitwa kwenye mkutano wa kijiji. Watu walikuwa wakali. Mama mmoja akasimama akasema kuku wake walikuwa wazima mpaka Asha alipowatia dawa machoni, kwa hiyo dawa ndiyo imewaua. Wakapiga kelele za kuunga mkono. Mwenyekiti akanigeukia, "Bwana mifugo, unasemaje?" Walikuwa wananiita bwana mifugo hivyo hivyo, na ujauzito nimekwenda nao kazini nikiitwa bwana.

Nikasimama. Nikasema, "Chanjo ni nzima, sehemu nyingine imefanya kazi. Maelekezo tuliyatoa. Kama kuna mtu hakuyafuata, hilo ni lake."

Sikumtaja. Hakuna aliyehitaji nimtaje. Asha alikuwa amekaa chini na akina mama wenzake, akaniangalia kidogo, akainamisha uso. Mkutano ukafungwa. Kisha akaja akanishika mkono, akanipeleka kwake, nyuma ya nyumba, palipokuwa na ile ngazi ya miti ya kupandia juu ya tembe.

"Panda," akasema.

Nikapanda. Unazijua nyumba zile, paa la udongo, bapa, watu wanaanikia mtama. Pembeni alikuwa amepanga mawe matatu, katikati mfuko mweusi wa nailoni umefungwa vizuri, ndani yake chupa mbili zilizobaki.

"Hapo ndipo penye baridi kuliko pote," akaniambia. "Upepo wa usiku pale unakata masikio. Na jua nimelifungia nje kwa mfuko. Sasa niambie, mdogo wangu, ni neno gani sijafuata?"

Nikaugusa ule mfuko. Ilikuwa saa nane mchana. Ulikuwa wa moto hauwezi kushikwa.

Kila neno alikuwa amelifuata. Kwa watu wa kule baridi ni ule upepo wa mwezi wa saba, haina maana nyingine, na mimi nimezaliwa na upepo huo, nilipaswa kulijua kabla yake. Nikamuuliza, "Dada, kwa nini hukuniuliza pale ukumbini, baridi ipi?" Akanishangaa kweli kweli. "Nikuulize mbele ya mgeni rasmi? Kwamba mwalimu hajafundisha vizuri? Wewe ni mdogo wangu, ningekuaibishaje?"

Hapo ungetegemea nikimbie, niwaite watu warudi, niseme kosa ni langu. Watu walikuwa bado hawajatawanyika, nawasikia wanaongea pale nje ya ofisi ya kijiji. Nilishuka kwenye ngazi, nikasimama. Nikawaza kazi yangu, nikawaza mwajiri, nikakuwaza wewe na sare za shule. Nikamwambia Asha, "Tutaliangalia." Nikapanda pikipiki nikaondoka. Kwenye ripoti nikaandika kwamba baadhi ya washiriki hawakuzingatia mafunzo. Tangu siku ile kijiji wakamwita dada yangu Mama Kideri. Nasikia hata watoto waliozaliwa baadaye wanamwita hivyo na hawajui sababu. Hakufuga tena kuku, yule mwanamke. Nimeshatoka hapa mara mbili kwenda kumwomba msamaha. Mara ya kwanza nilifika mpaka njia panda nikageuza, mara ya pili nilifika nyumbani kwake, akanikaribisha, akanipa uji, akaniuliza habari za shamba, na kila nilipofungua mdomo akaongeza uji. Nilirudi na maneno yangu yote.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kufundisha nilifundishwa na yeye huyo huyo. Nilikuwa na miaka kama saba, nataka kupepeta kama wakubwa. Mama yetu alikuwa ananifukuza, namwaga uwele. Asha akanichukua pembeni, akanipa ungo mbovu na makapi yaliyokwisha kupepetwa, mna punje chache tu zilizosalia, akaniambia nizitafute. Nikimwaga, namwaga makapi, hakuna hasara. Hakunieleza kitu. Alikuwa anapepeta wa kwake kando yangu, mara moja moja ananishika kiwiko anakishusha. Siku ya tatu akanitilia unguoni konzi mbili za uwele wa kweli. Baada ya wiki akaniachia ungo mzima, akaenda kisimani, akaniacha peke yangu nao. Hakuniuliza kama nimeelewa. Aliporudi alitazama chini, akaona hakuna punje, akaenda zake.

Baadaye nikaenda chuo, nikasoma namna ya kuandaa mafunzo, nikafaulu. Nikayasahau yale makapi.

Na wewe sikukufundisha kitu, umeshawahi kuliona hilo? Baada ya mambo yale niliogopa. Ugali ulijifunza kwa bibi yako, baiskeli kwa wajomba, hata kufunga kitenge ulijifunza kwa mama Tatu. Nilikuwa nakuona unakosea nakaa kimya, nikifungua mdomo nasikia sauti ya ukumbini. Watu walidhani nakudekeza. Nisamehe kwa hilo pia, ingawa naona umejifunza bila mimi.

Sasa angalia na barua yenyewe. Nakueleza, wewe unasoma, na mimi sioni uso wako. Ni ukumbi ule ule. Ningekuwa na akili ningekuchukua wiki iliyopita, tukakaa na akina mama watatu wa hapa jirani, ukawafundisha kuhesabu pumzi za mtoto, kisha ukawapa mtoto wa kweli wahesabu wao, ukaona mwenyewe wanapopotelea. Wiki imekwisha. Gari lako ni asubuhi. Sijui nifanye nini zaidi ya kuandika, na kuandika najua hakutoshi.

Ile karatasi yako imechapwa, siwezi kuifuta. Lakini dalili za hatari umeziweka siku ya tatu mchana, Rehema, pale pale nilipoiweka baridi yangu. Watakuwa wanatazama saa. Zipeleke mwanzo hata kama karatasi inasema vingine, karatasi haina mtoto. Picha za ukutani punguza. Mgeni rasmi akichelewa usikate mazoezi kumpisha, kata maneno yako mwenyewe, hasara yake ni ndogo. Na pale ulipoandika wataelewa, mimi sijui kuelewa kunafananaje, hakuonekani kwa macho. Nimewahi kuona mtu akishika chupa. Mpe mama pakiti ya dawa ya kuhara na maji na vyombo vya nyumbani kwake, si jagi lako lenye mistari, na umwambie akuchanganyie kama vile mtoto yuko kitandani. Utaona lita moja ya kila mtu ni kiasi gani. Halafu uliza majina ya vitu kwa lugha yao, homa wanaiitaje, mtoto mlegevu wanamwitaje. Huko hujui lugha yao, na hilo huenda likakusaidia, maana mimi niliijua ya kwetu na ndiyo iliyonidanganya. Muda ukipatikana mfuate hata mmoja nyumbani kwake. Ningepanda na Asha juu ya tembe lake wiki ya kwanza, leo angekuwa anakula hapa.

Usije ukadhani nasema hujui kazi. Nilipokusikiliza Jumapili nilijua kwamba unajua kuliko nilivyojua mimi. Hilo ndilo linalonitisha. Na kuna kitu kingine nilikigundua nikiwa jikoni na yale maharage. Uliponiuliza naionaje nikajibu nzuri sana, nilikuwa nimekujibu vile vile thelathini wale walivyonijibu mimi. Umekaa na kompyuta, umependeza, umejiandaa, ningekuvunja moyo vipi? Nilikupenda, nikakaa kimya. Ndipo nilipomwelewa dada yangu, baada ya miaka yote hii, na mwiko mkononi.

Nasikia sauti yako kwa mbali, unaamkia watu njiani. Umerudi mapema kuliko nilivyodhani. Barua nitaiweka katikati ya sare zako nyeupe, chini ya ile taulo. Kesho stendi nitaongea habari za mvua na bei ya tiketi kama mjinga, usinishangae.

Kuku wangu walikufa, mwanangu. Wako hawatakuwa kuku. Huko Mpanda sipajui na hao akina mama sitawaona, lakini yuko mmoja, naapa yuko, atakuwa amekaa nyuma, amemaliza siku tatu zote na hajajua ni pumzi ngapi za kuogopa. Utamuuliza kama ameelewa, naye atakuitikia ndiyo kwa sababu amelelewa vizuri. Nakuomba, usimwache aende nyumbani na hiyo ndiyo.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama